Aliyelala Chini ya Kijani

Kila asubuhi, akitoka jikoni kwenda sebuleni, Bi Mwatima alisimama mbele ya mraba wa kijani uliotundikwa ukutani na kusema, "Marahaba, mwanangu." Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Mraba ulikuwa mraba tu, kijani juu ya manjano, na mchoraji wake alikuwa mumewe Haroub, mwaka ule binti yao wa pekee, Lina, alipokufa kwa homa akiwa na miaka saba. Mgeni angesema bibi wa watu kashikwa na uzee. Sivyo. Bi Mwatima alikuwa na akili zake timamu, na alijua anamsalimia nani, au alidhani anajua.

Kisa chenyewe kilianza matangani. Haroub alikuwa karani wa bandari ya Jeddah, mtoto wa watu waliohama Unguja baada ya mapinduzi, na alikuwa na mkono wa kuchezea rangi. Alimwona mkewe hali chakula, halali usingizi, akamwahidi: nitakuchorea Lina. Akajifungia chumbani na makopo ya rangi yaliyobakishwa na mafundi wa meli. Bi Mwatima akakaa nje ya mlango, akangoja. Alipotoka, Haroub alikuwa na mraba mkononi. Akaeleza kwamba alimchora mtoto mzima mzima, na nywele zake na pengo lake, lakini Mubarak, kaka yake Haroub, alichungulia dirishani mchana, akaiona sura, akakemea kwamba nyumba yenye picha ya kiumbe hai, malaika hawaingii.

"Nimemfunika tu, Mama Lina," alisema. "Yumo humo. Amelala."

Mwanamke akaamini. Hasira zake zote zikamwendea shemeji. Kugombana na kaka mkubwa wa mume ni utovu wa adabu, basi hakugombana. Aliacha tu kumtilia kahawa kwa mkono wake. Ijumaa Mubarak akija, sinia liliwekwa karibu na mlango, ajitilie mwenyewe. Naye Mubarak, mtu wa dini na moyo mweupe, akadhani ni haya. Akamsifu msikitini, akamsifu harusini: wake wa siku hizi wangekwenda kusoma kwa shemeji yangu! Zilipita zama na zama akisifiwa hivyo, na kila sifa ilimchoma.

Haroub yeye alinogewa. Mraba wa kwanza ukazaa wa pili, ukaja mstari, zikaja pembetatu, mpaka kuta zikajaa na majirani wakambandika jina la fundi vigae. Halafu yakaja yale mafuriko makubwa ya Jeddah. Maji yaliingia nyumbani hadi kiunoni, yakala albamu iliyokuwa kwenye droo ya chini, na picha zote za Lina zikageuka uji. Miraba ilikuwa juu ukutani, haikupata hata tone. Tangu siku hiyo uso wa Lina ukawa umebaki mahali pamoja tu duniani, chini ya rangi ya meli.

Na kichwa cha binadamu si sanduku la chuma. Sauti ya mtoto aliikumbuka, na ile shikamoo yake ya kelele iliyoamsha nyumba nzima. Lakini uso ulianza kumponyoka. Siku moja, akikuna nazi, Bi Mwatima aligundua kwamba hajui tena kama lile pengo lilikuwa juu au chini. Akaacha kukuna, akalia hadi adhuhuri.

Sasa zama zimegeuka. Riyadh, ambako zamani mchoraji alionekana mtu asiye na kazi, leo wanawatafuta wachoraji wao wa kale kwa tochi. Ndipo akaja Dokta Shahad, binti mdogo wa miwani mikubwa, mtaalamu wa jumba moja la sanaa huko. Aliingia sebuleni, akaona kuta, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ammi Haroub," alisema, "unajua ulichokifanya?"

Haroub hakujua, ila alitikisa kichwa kama anayejua. Dokta akafafanua. Kuna uchoraji usiochora kitu, hauchori mtu wala mti, unachora umbo lenyewe, na wenyewe wanauita sanaa dhahania ya maumbo. Ulaya waliumiza vichwa kwa vitabu na mabishano kabla ya kuufikia. Na hapa, karani wa bandari, bila kitabu na bila mwalimu, aliamka siku moja akachora mraba safi. Huyu ni mwasisi!

Mwasisi alichukua wiki moja tu kuzoea cheo. Alianza kuvaa skafu shingoni katika joto la Jeddah linaloyeyusha lami. Waandishi wa habari walipokuja aliwaeleza jinsi alivyoitwa na ukimya wa jangwa. Jangwa lenyewe alikuwa ameliona kupitia dirisha la ndege, tena dirisha lenyewe lilikuwa upande wa mkewe.

Dokta Shahad alitaka ule mraba wa kijani ufungue maonyesho. Hapo Bi Mwatima akasema huo si wa Haroub, ni wake, alipewa.

"N'na sharti moja," alisema. "Nasikia mnazo mashine za kuona ndani ya rangi, kama zile za hospitali za kupigia picha mifupa. Humo yumo mwanangu, amefunikwa. Nipigieni picha yake mnipe, kisha chukueni mraba wenu."

Dokta alibadilika rangi. Kama kuna uso chini, basi mraba ni kifuniko tu cha picha ya mtoto, na uasisi wote unakwenda na maji. Lakini aliyebadilika zaidi alikuwa Haroub.

"Mashine zina mionzi," alisema. "Zitaunguza rangi."

"Haziunguzi, ammi."

"Rangi ya meli wewe huijui."

Bi Mwatima alimtazama mumewe akamwonea huruma. Alidhani mzee anaogopa kumwona mtoto. Akampapasa mkono, akamwambia watamwona pamoja.

Hawakumwona pamoja. Kule Riyadh, asubuhi ya kupima, mwasisi alishikwa na tumbo akabaki hotelini. Bi Mwatima alikwenda peke yake, amevaa buibui jipya, kajifukiza udi kama anayekwenda kumposea mtu. Alimwomba Mungu jambo moja tu: lile pengo, juu au chini.

Kioo cha mashine kikawaka. Dokta Shahad alikitazama kwa muda mrefu, kisha akashusha pumzi na uso wake ukachanua.

"Alhamdulillah, khala! Hakuna kitu!"

Chini ya kijani palikuwa na kijani. Chini yake manjano, kisha turubai tupu. Hapakuwa na macho wala nywele. Pembeni tu palikuwa na alama ya penseli, kipande kifupi cha mstari uliopinda, umeanzwa ukaachwa.

"Na huu ndio ushahidi mkubwa," Dokta alisema. "Alianza mduara, akaukataa. Hapa ndipo msanii alipouaga mviringo!"

Bi Mwatima aliusogelea mstari. Kwake haukuwa wa kuaga chochote. Ulikuwa shavu la mtoto, limeanzwa na mtu asiyejua kuchora shavu. Dokta alimpa nakala kama alivyoahidi, akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa sababu alilelewa hivyo. Alijisikia amefiwa upya, na safari hii hata pa kuzika hapakuwapo.

Hotelini aliiweka ile karatasi kitandani, mbele ya Haroub. Tumbo lilikuwa limepona, anakula tende.

"Nilijaribu," alisema Haroub. "Mkono uligoma. Na wewe ulikuwa mlangoni, unangoja. Ningekwambia nini?"

"Ungenambia huwezi. Na Mubarak alikemea lini?"

Haroub akairekebisha skafu yake. "Mubarak siku ile alikuwa Makka," alisema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Haroub ilikwenda miaka arobaini na zaidi, na mwisho wake ulitandikwa zulia jekundu. Siku ya ufunguzi wakubwa walijaa, kahawa ikapita, na mwasisi akazungumza juu ya jangwa mpaka mwenyewe akatokwa na machozi. Kisha Dokta Shahad akamletea Bi Mwatima kipaza sauti. Mama huyu, aliwaambia watu, ameishi na mraba huu kuliko mtu yeyote. Atuambie anachokiona ndani yake.

Haroub akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu avae skafu alionekana anasikia joto. Neno moja tu lingemvua kila kitu. Bi Mwatima alikuwa nalo ulimini, na alitaka kulisema. Akaukodolea macho ule mraba.

"Hamna kitu," alisema. "Hamna kitu humo. Mimi nilikuwa mjinga tu."

Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Kijana mmoja wa gazeti aliandika kwamba hajapata kusikia sanaa dhahania ikielezwa kwa ufasaha namna ile.

Walirudi Jeddah. Ukutani palibaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta wenyewe. Asubuhi ya kwanza Bi Mwatima alisimama pale kwa mazoea akasema marahaba, akaona hakuna kilichopungua. Asubuhi ya pili alipita moja kwa moja.

Ijumaa Mubarak alikuja na mkongojo wake, akakaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Bi Mwatima akatoka jikoni na birika. Hakuliweka kwenye sinia na kuondoka. Alikaa, akatia kahawa, akampa kikombe mkononi.

Mzee alikitazama kikombe, akamtazama shemeji yake, akakitazama tena.

"Shemeji, kuna nini leo? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, shemeji," alisema Bi Mwatima, na machozi yakamtoka mbele yake bila kuyaficha. "Miaka yote hii, hujafanya kitu."

Haroub, aliyekuwa mkekani na skafu yake, naye akanyoosha kikombe. Bi Mwatima akaliweka birika kwenye sinia, akalisukuma sinia hadi mlangoni, akarudi jikoni.