Kikombe cha Uvumilivu

Mwaka mzima nimekimbia mbio ndefu, zile za kuanza alfajiri na kumaliza kesho yake. Kucha za miguu zimening'oka, nimetapika milimani, nimesinzia huku natembea. Na kila Jumatatu nilikuwa kwenye cherehani yangu, maana wateja hawataki kusikia habari za malengelenge.

Juzi klabu yetu ya mbio ilifanya sherehe ya kufunga mwaka. Mwenyekiti akainua kikombe cha uvumilivu. Mimi huyo, nikaanza kuliweka sawa gauni langu.

"Kikombe hiki," akasema, "anapewa shemeji yetu, aliyemvumilia mke asiyetulia nyumbani!"

Makofi ukumbi mzima. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mume wangu amevumilia nini, jamani? Kupasha moto chakula nilichompikia mimi? Siku niliporudi kutoka milimani nikichechemea, alinipokea na swali moja tu: "Shati langu umelipiga pasi?"

Mume wangu akainuka, kifua mbele, akapanda ngazi za jukwaa, nazo hazifiki tano. Alipofika juu alikuwa anahema, hata hotuba ikamshinda. Akakikumbatia kikombe, akanitafuta kwa macho, akasema kwenye kipaza sauti:

"Mke wangu, hebu niletee maji."