Meza Chini ya Kompyuta

Mume wangu Agustino alipokubali kuuza kompyuta yake, aliweka sharti moja: bei ataipanga yeye. Nikajua hapo hapo kwamba haiuzwi. Ile mashine, ya kioo cha kichogo, kile kinene cha zamani, aliachiwa na mradi mmoja wa maji ulipofungwa, na tangu siku hiyo anajiita mshauri. Anamshauri nani, hata mimi ninayelala naye sijui. Huamka, huvaa shati la mikono mirefu, huwasha, hucheza karata za kwenye kioo mpaka mchana, huzima, hufunika na kitambaa cha kufuma. Ofisi ndiyo hiyo.

Na ofisi hiyo imekaa juu ya meza yangu. Ni meza ya mninga, pana, niliyoachiwa na mama, na hatuna nyingine hapa Mafiga. Mimi ni fundi cherehani. Nguo nakatia sakafuni, magoti yameshaota sugu, huku bwana mkubwa ameegemeza viwiko pale ambapo ningetandaza kitambaa. Wakati huo kwaya ya parokia ilikuwa imenipa kazi ya sare nyeupe. Kipande cha kwanza kilichafuka sakafuni, na Winfrida, mwenyekiti wa kwaya, akaniambia kwa upole wa kuudhi kwamba nikichafua kingine kazi anaipeleka kwa fundi mwenye meza.

Mjini kompyuta iliyotumika, nzuri kuliko ile, unaipata kwa laki mbili na nusu. Agustino alitaka laki tisa. Alichukua bei ambayo mradi ulinunulia ikiwa mpya, akaongeza kitu alichokiita thamani ya kitaaluma, akapunguza kidogo kwa sababu ya herufi zilizong'oka kwenye kibodi, akajiona mtu mwenye huruma sana.

Evance wa kibanda cha picha za pasipoti alitoa laki na nusu. Akaulizwa kama anajua hata prosesa ni nini. Mwalimu mmoja wa sekondari akafika laki mbili, akaambiwa kwamba walimu wa siku hizi ndio wanaoua elimu. Aliondoka bila kuaga, na pale mlangoni alitutazama sote wawili kama watu wa aina moja. Hilo liliniuma.

Ndipo akaja Chausiku, mama wa makamo kutoka Matombo, anayeshusha ndizi na mdalasini sokoni. Mkwewe huko ana kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Agustino alizitazama kandambili zake zenye matope, akakataa hata kuiwasha mashine. Yule mama hakujali. Aliuliza kwanza, kama tunavyoulizana watu wa milimani, ukoo wa mama yake Agustino. Alipoambiwa akapiga kofi, akacheka. Koo zao ni watani.

Mtani wa ukoo, kwetu Waluguru, anaweza kukutukana mbele ya wakwe na kukunyang'anya kuku mkononi, na ukinuna wewe ndiye huna adabu. Kwa hiyo tunafundishwa toka utotoni kuuchunga mdomo: mbele ya mtani usitamke neno la kutoa, maana ukishalitamka keshapewa. Agustino alizaliwa Matombo huko huko, anayajua haya. Ila siku ile dharau ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

Chausiku akaanza. Akasema kichogo cha kile kioo ni cha mtu anayelala mchana. Akauliza vumbi linauzwa pamoja au lina bei yake. Mwisho akatoa laki moja, akasema nusu ya hiyo ni pole kwa mke. Mimi nilishacheka mpaka nashika mbavu. Agustino akavimba, akasimama.

"Wewe na huo ukoo wako hamuwezi kununua hata waya wa hii mashine," akasema. "Labda uichukue bure."

Nadhani alijisikia mwenyewe, maana mdomo ulibaki wazi.

"Nimepokea, mtani," akasema Chausiku, akatoka kumwita mwenye guta la kubebea mizigo.

Agustino akanigeukia. Alitaka niseme kwamba hakumaanisha. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu, na neno langu lingetosha kumwokoa. Nikachomoa waya ukutani, nikauviringisha vizuri, nikamkabidhi yule mama aliporudi. Laki mbili tulizipoteza, najua. Niliona nafuu kuliko kupiga magoti mwaka mwingine.

Guta lilipoondoka, nilimkuta amekaa palepale kwenye kiti chake, viwiko juu ya meza tupu. Nikaifuta meza kumzunguka. Nikaleta kitambaa cheupe.

"Sogea," nikamwambia.

Hakusogea. Alikuwa anaangalia ukuta pale kilipokuwa kioo. "Sasa watu wakiniuliza mimi ni nani," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "nitawaambia nini?"

Nilijipekua nione kama nina huruma yoyote. Sikuwa nayo.

"Waambie mume wa fundi," nikamjibu. "Haya, shika ncha hiyo, vuta kinyooke."

Akashika.