Bwawa Lililoshonwa

Kabla ya yote ieleweke kwamba Kiwembe hakuwa mwongo. Alikuwa fundi. Katika bweni la wasichana arobaini na wawili, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuandika kwa mwandiko wa mama wa mtu yeyote, mradi aletewe mfano wa mistari mitatu. Barua za kuomba ruhusa, za kueleza maumivu ya jino, za kumsihi matroni amwongezee binti blanketi, zote zilizaliwa juu ya dawati lake, na mwalimu wa nidhamu, aliyesifika kwa macho ya mwewe, hakuwahi kushtuka hata mara moja.

Ila barua moja hakuombwa na mtu. Aliiandika Jumapili mchana, mvua ikinyesha, kwa mwandiko wa mama yake mwenyewe, wenye herufi zilizolala kama zimechoka, akaituma kwa baba yake.

"Mume wangu," iliandikwa, "nimekaa nimefikiri. Siku hizi naota uani kwetu. Naota pana bwawa dogo lenye koi, wekundu na weupe, nami nimekaa ukingoni miguu ikiwa majini. Lingekuwapo kweli, ningerudi. Nitapita Jumamosi ya mwisho ya likizo ya mtoto."

Koi aliwafahamu vizuri. Mbele ya ofisi ya mkuu wa shule palikuwa na bwawa la samaki hao wa mapambo, na Kiwembe alikuwa ameadhibiwa kuopoa majani humo na kuwalisha mara nyingi mno, hata samaki wakawa wanakuja wakiona kivuli chake.

Ulikuwa utani. Baba angesoma, angecheka, angesema, "Huyu mtoto nitamvunja miguu," basi. Ndivyo alivyojiambia. Mama alikuwa ameondoka kwa wiki mbili tu, na huu ulikuwa mwaka wa pili.

Likizo ilipofika, Kiwembe alisukuma mlango wa uani, sanduku la bati kichwani, akamkuta baba yake ndani ya shimo, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Baba alikuwa fundi wa makochi. Jembe na yeye walikuwa wakisalimiana kwa mbali. Kamba ya nguo ilikuwa imehamishiwa ukutani, na pembeni shangazi, dada yake baba, alikaa kwenye kigoda akichambua mchele na kutoa maoni.

"Kaka, hicho ni kisima ama kaburi?"

"Bwawa."

"La bata?"

"La samaki. Na si wa kula, usinitazame hivyo."

"Samaki wasioliwa. Basi nitawaletea na kuku asiyetaga, waishi pamoja."

Baba akacheka. Kiwembe alikuwa amesahau kwamba baba ana pengo upande wa kushoto.

"Mama yako ameandika," baba alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyebeba glasi iliyojaa hadi ukingoni. "Anakuja."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini mdomo uliowashinda matroni na mwalimu wa nidhamu ukashindwa na neno moja. Kiwembe akatua sanduku, akashika jembe la pili.

Ni lazima ijulikane kwamba baba hakuwahi kumaliza kitu nyumbani kwake. Wateja wake walipata makochi kwa siku waliyoahidiwa, lakini banda la kuku lilikuwa na kuta mbili, rafu ya jikoni ilikuwa na misumari bila mbao, na mama, kabla hajaondoka, alikuwa na wimbo wa vitu vilivyoanzwa. Sasa mtu huyohuyo alikuwa akichimba kabla ya kwenda kazini na akirudi anachimba tena.

Shimo lilipokwisha, aliambiwa aweke saruji. Alikataa. Saruji ni ya waashi, alisema, yeye ana kazi yake. Alileta ngozi bandia ile nzito ya viti vya mabasi, akalipima shimo kama mtu anayepimwa suti, akakata vipande saba, akavishona kwa mshono wa mara mbili. Ukingoni alizungushia utepe mwekundu. Kazi ilikuwa safi mno, mtu angeweza kuketi humo na kupokea wageni.

Walijaza maji jioni. Asubuhi palikuwa na tope na utepe mwekundu. Maji yalikuwa yametoka kupitia kila tundu la sindano, kwa utaratibu, bila kusukumana.

Shangazi alichungulia. "Hongera kaka. Umeshona chujio."

Kiwembe alimtazama baba na, Mungu amsamehe, akaomba akate tamaa. Abwage jembe, aseme liwalo na liwe, kama alivyofanya kwa banda la kuku. Baba alikaa ukingoni muda mrefu, akivuta uzi mmoja uliolegea.

"Tuanze upya," alisema.

Wakasuka waya, wakapiga saruji. Mwashi wa jirani akawaonya kwamba saruji mpya ni sumu kwa samaki: wajaze maji, yakae siku nne, wayamwage, na wafanye hivyo mara tatu. Kiwembe alijiwekea nadhiri. Maji ya kwanza yakimwagwa, atasema. Yalimwagwa, ndoo baada ya ndoo, baba akipiga mluzi, na hakusema.

Maji ya pili yalipokuwa yametulia, aliazima simu ya shangazi akampigia mama.

"Mama, ukisikia kuna bwawa uani, la samaki wa rangi, utakuja kuliona?"

"Bwawa la nini tena? Mimi samaki nawajua wa kwenye sufuria." Mama alicheka kidogo. "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Baba yako ni mtu mzuri. Mwambie asiache kula."

Maji ya tatu waliyamwaga, Kiwembe akijikokota na ndoo. Baba alidhani Kiwembe amechoka, akamnyang'anya ndoo.

Ijumaa walikuja koi wanne ndani ya mifuko ya plastiki, wawili wekundu, wawili weupe wenye mabaka. Waliiacha mifuko ielee juu ya maji nusu saa, ili samaki wayazoee, kisha baba akafungua fundo mojamoja kwa vidole vyake vya kushonea. Siku hiyohiyo alimaliza mto wa benchi la kando ya bwawa, mrefu, wa kukaliwa na watu wawili.

Jumamosi tangu asubuhi alikaa juu ya mto huo, shati limepigwa pasi, amejibana upande mmoja ili upande wa pili usibonyee. Mlango ulipogongwa, alisimama. Alikuwa shangazi. Ulipogongwa tena, alisimama tena. Alikuwa mwashi, amekuja kuona samaki. Saa kumi alasiri, upepo ulitikisa mlango tu, na baba akasimama.

"Baba," Kiwembe alisema. "Ile barua niliandika mimi."

Baba hakugeuka. Baadaye alitoa barua mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo ikachanika, akampa pamoja na penseli.

"Andika nyuma hapo."

"Niandike nini?"

"Ulivyoanza."

Aliandika: Mume wangu. Baba akaigeuza barua mbele na nyuma kwenye mwanga wa jua, kama alivyozoea kulinganisha vitambaa viwili kama vina rangi moja. Kiwembe alitamani apigwe.

"Na hapa," baba alisema, kidole kwenye mstari. "'Siku hizi naota uani kwetu.' Hili nalo ulilitunga?"

Majibu ya kuchekesha yalimjia matatu. Yote yakapita.

"Hilo sikulitunga."

"Nani anayeota?"

"Mimi."

Baba akatikisa kichwa polepole. Akaikunja barua, akairudisha mfukoni. Kisha akavua viatu, akakunja suruali yake iliyopigwa pasi, akaketi chini ukingoni na kutia miguu majini. Kiwembe alisubiri, halafu akaketi kando yake, naye akatia yake. Maji yalikuwa ya baridi. Baba alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Samaki walikuwa wamekimbilia pembe ya mbali, wote wanne, wamebanana. Hawakuwa wamezoea vivuli vya baba na binti.

"Unarudi shule Jumatatu," baba alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Basi kesho nifundishe wanalishwaje."