Juu Ni Wapi

…halafu ananiuliza tena, Narcisse, bosi wetu, simu mkononi, wachimbaji wako upande wa pili wanangoja, "Bon, Cyiza, tuwaambie waanze ao bado?", na mi nilishasema ndiyo jana, modeli ni yangu, nimeijenga mwenyewe bila diploma ya mtu, miamba yote chini ya hili ziwa nimeipanga kwenye kompyuta, uzito unaoshuka, mikazo miwili ya ubavuni, mmoja mkubwa mmoja mdogo, kisima kikilazwa kuelekea ule mdogo kuta zake zinasimama, kikilazwa kwingine zinabomoka, zinabana bomba, kwisha kisima, kwisha mafuta ambayo hata hatujayaona, kwisha Cyiza… nimesema kilale kaskazini, maana zile nyufa za wiki ya mitetemo, volkano ilipolipuka, zinakwenda mashariki, donc, yaani ardhi ilifunguka kaskazini na kusini, huko ndiko mkazo mdogo, Kimenyi ndiye aliyezipima, akaniandikia "nyufa zinapanda juu", na mtu wa Gisenyi akisema juu ni kule mlimani Rubavu, mashariki, nani asiyejua… "Mzee, mimi sikusema mlimani," anasema Kimenyi, kwa hicho Kiswahili chake cha Tanzania kilichopigwa pasi, jana nilimfokea mbele ya wote, we mgeni, jifunze kwanza njia za hapa, Narcisse akacheka, "Ni mukali huyu muzee!", na mi nikajiona mtu wa kweli, msema wazi… sasa Kimenyi amesimama, anaweka kidole kwenye ramani ya ukutani na kukipandisha mpaka ukingoni, juu, juu ya karatasi, kaskazini… hapana, anajitetea tu, nyufa nimeziona mwenyewe, mmoja umepita nyumbani kwangu Mbugangari, katikati ya chumba, Mukagasana ameuziba kwa saruji na umefunguka tena, "mume wangu, unahesabu mawe ya chini ya ziwa, hili la chumbani linakushinda?", nauvuka kila asubuhi nikienda kufungua mlango, jua linaingia limenyooka, linaukata… linaukata, haliufuati, Mana yanjye, Mungu wangu, jua linauvuka kama ninavyouvuka mimi, ufa hauendi mashariki, haujawahi kwenda mashariki, kisima kinatakiwa kulala upande wa jua na mi nimewapa kaskazini… "Cyiza, tunakungoja, unasikia?", nasikia, "Narcisse, wangoje" ndiyo njia fupi, modeli hubadilika, nikisema imeingia data mpya nani atauliza, yameisha… data mpya gani, we Cyiza, ilhali mwenye data amesimama pale, kidole kingali ukingoni mwa ramani, mkono umeanza kuchoka na hataki kuushusha, na mtu akinidanganya mi humwambia usoni, humwambia mbele za watu… Narcisse anagonga meza kwa kalamu, simu inakoroma, hapana, jina la Kimenyi ndilo litoke kwanza, kwamba yeye alisema kweli na aliyekosea ni mimi, kabla ya kisima, kabla ya kaskazini, na kwa sauti ileile ya jana, hata hao wa kwenye simu walisikie.