Siku Ukili Uliposimama

Kwanza niseme wazi, Basma Safwan hakuwa mtu wa kupigwa picha. Alikuwa na duka la fotokopi huko Likoni, hatua chache kutoka kwenye feri, na kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kunakili vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi. Mteja mmoja akitoka, kabla mwingine hajaingia, aliandika riwaya. Watu walimwona akigonga kompyuta wakadhani anachapa mambo ya serikali. Riwaya ikaisha, ikachapishwa Nairobi, na mwaka huu ikapata tuzo. Hapo ndipo balaa lilipoanza, balaa tamu lakini balaa.

Gazeti lilitoka na picha yake amefumba macho. Shemeji yake Hamdun aliikata, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na ole wako upite pale bila kuisifu. Watu walikuja dukani na kitambulisho mkononi, wakakaa robo saa, wakaondoka bila kunakili kitu. Walikuja kumtazama tu. Redio tatu zilimpigia simu siku moja. Mtangazaji mmoja akamuuliza alijisikiaje, akajibu kwamba alijisikia vizuri, akaulizwa tena vilevile, akajibu vilevile. Kwa kweli alifurahi, msidhani nasema uongo. Usiku alilala na kikombe chake cha tuzo kando ya mto.

Sasa nikueleze riwaya yenyewe. Inaitwa Uji wa Makuli, na inasimulia habari za wanawake waliowapikia makuli wa bandarini mwaka ule walipogoma, zama za Waingereza. Msimulizi anatumia Kiswahili cha vitabuni, lakini watu wake, wakifungua kinywa tu, wanasema Kimvita cha bibi zetu. Hakuna anayesema njia, njaa wala njoo. Wanasema ndia, ndaa na ndoo, na wanasema hivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuomba radhi.

Na Kimvita hicho hakukitoa kichwani mwake. Kila Alhamisi alasiri alifunga duka mapema akaenda Mtongwe, barazani kwa Bi Dhahabu, mahali ambapo wanawake sita au saba huketi wakisuka ukili wa mikeka. Bi Dhahabu alikuwa amepindukia miaka themanini na macho yake yalikuwa na ukungu, lakini miyaa, yale majani ya kusukia, ilikwenda yenyewe mikononi mwake. Basma aliwasomea alichoandika wiki ile. Barazani pale hamkosoi mtu anayesimulia, ni utovu wa adabu. Mnasuka na kusikiliza. Lakini simulizi likienda kombo, mikono inasimama. Haisimami kwa kupenda. Mtu akisikia neno ambalo mamake asingelitamka, vidole vinakwama tu. Basma alilijua hilo tangu utotoni. Kila mikono iliposimama, alikata sentensi ile papo hapo, na hakuuliza kwa nini.

Sura moja tu hakuwasomea. Ni ile ya Bi Somoe, mpishi anayepita katikati ya askari na chungu cha uji kichwani. Bi Somoe huyo alimtoa kwa mama yake Bi Dhahabu, kwa vijihabari alivyovidondoa bibi yule mwaka hadi mwaka, leo kimoja, kesho kutwa kingine. Wakati Basma anaiandika, Bi Dhahabu alikuwa hospitali amevunjika nyonga. Aliporudi nyumbani kitabu kilikuwa kimekwenda kwa mchapishaji, na kusema kweli Basma aliogopa. Ni jambo zito kumtia mama wa mtu maneno kinywani.

Basi, baada ya tuzo, akaja Kimani. Huyu ndiye mhariri wake kutoka Nairobi, kijana mpole, mchapakazi, anayevaa koti hata jua la Likoni likiwa utosini. Basma alimpikia biriani ya mbuzi, na wakiwa wameketi kwenye sinia Kimani akasema alichokijia. Toleo la pili lingekuwa kubwa, lingefika maduka ya nchi nzima. Ila wakubwa wake walitaka mazungumzo yote yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, ili msomaji wa Kitale asikwame. Akamwomba akubali, huku tonge limo mkononi.

Jamani, nyumbani kwetu mgeni hakataliwi jambo akiwa kwenye sinia. Unangoja anawe mikono, unywe naye kahawa, ndipo umwambie kwa ustaarabu kwamba haiwezekani. Basma alitaka kungoja. Lakini Kimani aliinuka na tonge la mwisho, saa ya ndege imefika, akasimama mlangoni akimtazama kama mtoto anayengoja ruhusa ya kwenda kucheza. Na Basma naye alikuwa amechoka na simu, picha na maswali. Tena, tusifichane, alitamani kusomwa Kitale. Akasema, "Haya." Mlango ulipofungwa akakaa chini, akajua amefanya kosa. Alhamisi mbili zilizofuata hakwenda Mtongwe. Alimtumia Bi Dhahabu ujumbe kwamba duka lina kazi nyingi.

Sherehe ya kulitangaza toleo hilo ilifanywa katika hoteli moja ya Nyali, kwenye ukumbi wenye ubaridi wa mashine na mapazia mazito. Waandishi wa habari walikuwepo, walimu walikuwepo, Hamdun alikuwepo na suti aliyoolea. Wanawake wa Mtongwe walikuja kwa gari la kukodi, wamejitanda leso mpya, Bi Dhahabu mbele na mkongojo wake. Walipewa safu ya kwanza. Hotuba ya kwanza ilipopita dakika ishirini, Sidi Munga, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ikiwa ndiyo hivi mkeka utaisha leo. Akatoa miyaa mkobani. Wenzake wakatoa yao. Wapiga picha walifurahi mno.

Basma alikuwa jukwaani, Kimani kando yake. Akamwona Lenox, mtangazaji maarufu wa redio, akipanda na kurasa za toleo jipya. Lenox ana sauti nzuri, hilo sikatai. Alisoma habari ya wanawake wakiwasha moto alfajiri na kutaniana. Matani yale yale yaliyowahi kuwavunja mbavu barazani sasa yalitoka yamenyooshwa, kila neno na koti lake kama Kimani.

Mkono wa Sidi ukasimama kwanza. Kisha wa jirani yake. Basma aliona mikono ikikwama mmoja baada ya mwingine mpaka safu nzima ikatulia, miyaa imening'inia magotini. Wa Bi Dhahabu ulikuwa wa mwisho. Kimani aliinama akamnong'oneza Basma kwamba ona, wameguswa mpaka wameacha kazi. Basma alijisikia aibu ambayo hakuwahi kuijua. Watu wale walimpa vinywa vya mama zao, miaka mingi, kwa Alhamisi tu na chai, naye akavitoa kwenye sinia ya biriani.

Akainuka. Akamwomba Lenox radhi, akaitwaa maikrofoni, kisha akamgeukia Kimani, kwa kuwa kosa lilikuwa lake mwenyewe na alitaka kulisema mbele ya watu.

"Kimani, ndugu yangu, nilikwambia, 'Haya.' Leo nakwambia hapana, na unisamehe kwa kuchelewa. Kitabu kikitoka, kitatoka na sauti za wenyewe. Ikiwa hakiwezi, basi kibaki Likoni."

Basma akafungua mkoba akatoa nakala yake ya zamani, iliyochakaa pembe. Akaanza pale pale kwenye moto na matani. Sekunde chache tu, na Sidi akacheka, akasuka. Mikono yote ikarudi kazini, na nyuma ya ukumbi walimu, watu wazima, wakawa wanacheka na kupigana vikumbo. Furaha ilimpanda Basma kichwani. Akafunua mbele zaidi kuliko alivyokusudia, mpaka sura ya Bi Somoe, na alipogundua alikuwa ameshaingia. Bi Somoe yuko mbele ya askari, chungu kichwani, bunduki imemwelekea kifuani.

"Nipisha ndia, mwanangu," Basma akasoma. "Watu wana ndaa, na uji wapoa."

Mikono ya Bi Dhahabu ikasimama.

Ni yeye peke yake. Basma akanyamaza katikati ya mstari. Sheria ni sheria, mikono ikisimama sentensi inakatwa, hata kama imeshapewa tuzo, hata kama kamera kumi zinatazama. Akashuka jukwaani na kitabu chake, akapiga magoti mbele ya bibi yule.

"Nimekosea wapi, Bi Dhahabu?"

Bi Dhahabu aliupapasa ukili wake kama anayetafuta mwisho wa uzi, na machozi yalikuwa yakimtiririka wazi, hakuyaficha wala hakuyapangusa.

"Hukukosea, mwanangu. Ni mamangu huyo. Tangu tumzike sijasikia sauti yake, na leo yuwazungumza Nyali." Akavuta pumzi. "Lakini umemkatiza. Hakuishia hapo. Alimwambia yule askari, 'Na wewe ukimaliza zamu, ndoo ule. Sikwoni kama umeshiba.' Ndipo askari akampisha. Hayo sikukwambia. Nilikuwa nikiyaweka mwenyewe."

Basma alipapasa mkobani na hakupata kalamu, mwandishi mzima na tuzo lake. Akanyoosha mkono bila kutazama. Kimani alikuwa ameshashuka na kupiga goti upande wa pili, na koti lake sakafuni. Alitoa kalamu yake mfukoni, ile anayokatia maneno ya watu, akampa. Kisha akageuza kurasa za Lenox upande usioandikwa akazishika ziwe meza.

"Tafadhali, bibi," akasema, "sema tena polepole, tusiache hata neno."

Bi Dhahabu akasema tena polepole, Basma akaandika, na vidole vya bibi vikaanza kusuka.