Nguo Isiyokubali Bitana

Binti wa kaka yangu amesoma miaka minane ili aje kuniambia kwamba fundo halifunguki. Hilo ningemwambia mimi, tena bure. Akacheka, akasema kuona si kuthibitisha. Fundo lake ni kamba inayojipitia mara tatu kisha ncha zake zimeungwa. Yeye alitaka kulibana kwa hesabu hadi likose pa kukimbilia.

Mara ya kwanza alipotetea tasnifu yake, watahini walimwambia arudi na kitu wanachoweza kukishika. Mara ya tatu haipo. Basi asubuhi ya siku ya kutetea mara ya pili alikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji na mchoro: nimshonee nguo ambayo ukingo wake wote ni fundo lile. Angetandika uzi mmoja juu ya nguo na mwingine chini, upande wa bitana, kile kitambaa cha ndani, ahesabu unavyozungukana. Namba hizo ndizo ushahidi. Watahini walikuwa wanamngoja saa tisa.

Nikakata utepe mwekundu, nikaupinda nusu zunguko mara tatu kama mchoro ulivyosema, nikaunga ncha. Ukingo ukatoka fundo lenyewe. Nikaanza kubandika bitana ya buluu kwa pini, nikaufuata utepe mpaka nikarudi nilipoanzia, na bitana ikanitokea upande wa nje. Nikafumua, nikarudia. Ikatoka nje tena. Nimeshona makoti ya mabwana harusi wenye vitambi vya kila namna, na hakuna nguo iliyowahi kunidharau hivyo. Nilikasirika kwelikweli.

"Mwanangu," nikamwambia, "nguo yako haina ndani."

Akaupitishia utepe kidole, kisha akaketi juu ya lundo la vitambaa. Alikuwa amechagua mchoro mwepesi kwa kunihurumia macho, akasahau kwamba utepe ule una upande mmoja tu. Pasipo bitana, hakuna hesabu. Haraka haina baraka, hata kwa wasomi. Saa sita ilikuwa imeshapita na machozi yalikuwa yanamlenga.

Nikamuuliza kama hakuna namna nyingine.

"Ipo, shangazi, lakini ina mishono sita."

"Nani kakwambia naogopa mishono?"

Duara mbili za kitambaa, tepe tatu fupi za kuziunganisha, kila utepe umepindwa nusu zunguko kuelekea upande uleule. Bitana ikaingia bila ubishi. Duara moja ikaonyesha wekundu, ya pili buluu, na ukingo ulikuwa fundo lilelile.

Saa tisa niliketi mstari wa nyuma wa ukumbi wa watahini, pini bado zimejaa kifuani. Mtahini mwenye upara akauliza kwa nini hakutumia utepe mmoja uliopindwa, maana ni rahisi zaidi. Nilijua ni mtego.

"Haukubali bitana, profesa," binti akajibu. "Shangazi yangu aliujaribu leo asubuhi."

Mzee yule alicheka hadi akavua miwani. Wakapokezana nguo yangu, wakiipapasa ndani na nje, na nyuzi zikahesabiwa mezani mbele ya wote. Alipotangazwa daktari nililia waziwazi, sikujali mtu.

Tasnifu ilipochapwa aliniletea nakala. Sikuelewa kitu mpaka ukurasa wa arobaini, pale uthibitisho wake unapoanza: "Chukua nguo inayokubali bitana."