Afande, Niweke Wapi?

Siku redio iliposema Amin amekimbia na Kampala imetekwa, Mwalimu Wepukhulu alikuwa dukani kwa Mzee Osman, mjini Eldoret, akinunua mafuta ya taa. Aliketi juu ya gunia la mchele akalia mbele ya wateja. Kwa miaka sita alikuwa akifundisha historia hapo mjini na kulala peke yake katika chumba cha kupanga mtaani Kimumu, kwa sababu huko kwao Mbale, Uganda, askari wa Amin walimchukua baba yake, na jina lake mwenyewe ndilo lililokuwa linafuata kwenye orodha yao.

"Watanzania wamewafungulia mlango," Osman alimwambia, akimpa pakiti ya chai bila kutaka malipo.

"Tutapiga kura, Mzee. Mama nitampeleka mwenyewe."

Disemba ya mwaka uliofuata, shule zilipofungwa, alivuka mpaka wa Malaba, akafika kijijini kwao na kuandikishwa kuwa karani wa kura. Kituo kilikuwa darasa. Masanduku manne, kila chama na lake, yalipangwa nyuma ya mkeka uliotundikwa. Mlangoni alisimama askari wa Kitanzania, kijana mpole wa Tabora, aliyewaamkia wazee "shikamoo" hadi wakashangaa.

Mama yake Wepukhulu alipopewa karatasi, hakwenda nyuma ya mkeka. Alimwendea askari.

"Afande, niweke wapi?"

"Popote unapotaka, mama."

"Wewe unataka wapi?"

"Mimi sitaki popote. Hiari ni yako."

Mama aliitazama bunduki. "Usinitege, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mume wangu naye aliambiwa aseme anachotaka."

Wepukhulu aliinuka akamshika mkono. Alitaka kumwambia kwamba huyu si kama wale, lakini alijua mama asingeamini. Mama aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akaenda zake nyumbani.

Kabla ya kura kuhesabiwa lilikuja lori. Wanaume wasiojitambulisha wakaanza kuyabeba masanduku.

"Wazuie!" Wepukhulu alimpigia kelele yule askari. "Si ndiyo kazi iliyowaleta?"

"Tuliletwa kumwondoa yule bwana, Mwalimu. Tumemwondoa." Kijana alikuwa amekaza mikono kwenye mkanda wa bunduki. "Nikiwaelekezea hawa mtutu, watayaacha masanduku, sawa. Na kesho? Kesho mimi ndiye nitakuwa serikali yenu."

Lori likaondoka. Siku mbili baadaye redio ilitaja mshindi wa sehemu ile.

Wepukhulu alimsihi mama waende wote Kenya. Mama alikataa. "Baba yako akirudi, atamkuta nani?"

Januari alirudi Eldoret peke yake. Kwenye ofisi ya walimu, Kipkemboi, mwalimu wa jiografia, alimvutia kiti.

"Vyama vinne, bwana! Hebu tuambie ilikuwaje."

Mwenzao mmoja alikohoa na kuutazama mlango. Mwaka ule Kenya ilikuwa na chama kimoja, na habari za vyama vinne hazikuwa za kuongelea ofisini. Kila mtu akainamia madaftari yake.

Jioni Wepukhulu alikwenda kwa Osman akamsimulia yote. Mzee alisikiliza huku amekumbatia mizani.

"Kwetu kaskazini mwa Kenya, baada ya uhuru, jeshi lilikuja kutufanya tuwe raia," alisema polepole. "Nilikuwa kijana. Walituketisha juani siku mbili, Mwalimu. Tangu hapo mimi..."

Mteja akaingia. "Sukari iko?"

"Iko, iko, karibu!" Osman aliitikia, na sauti yake ikawa nyingine kabisa.

Wepukhulu alisubiri mteja atoke. Akaja mwingine, na mwingine tena. Osman hakumtazama tena. Mwishowe mwalimu alinunua kiberiti ambacho hakukihitaji, akaaga, akatembea hadi Kimumu. Njiani watu wawili walimsalimia, "Habari ya safari?" Wote wawili aliwajibu kwamba ilikuwa nzuri.